Arusha tujenge kama Kigali au tupanue AICC? Tuviweke vituo vya mikutano mezani kimoja kimoja

Kila Kigali ikipata mkutano mkubwa, wiki hiyo hiyo Arusha maneno yanaanza: mbona sisi tuliotangulia tumebaki nyuma, na sisi tujenge kituo cha mikutano chenye kuba la kuwaka rangi usiku kama lao. Nawaelewa kabisa. Mimi kazi yangu ni kufunga spika na taa kwenye mikutano na shoo, kwahiyo kituo kikubwa kikijengwa mjini mimi ni wa kwanza kula, lakini ndo maana nataka tulinganishe vizuri kabla hatujaanza kushangilia ramani, maana hela ya kujenga ni ya mara moja na hela ya kuendesha ni ya kila siku, pamoja na zile siku ukumbi upo mtupu, AC haijawashwa na walinzi wanacheza drafti getini. Na siku kama hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nitaanza na AICC yetu, yani kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, alafu KICC, kile cha Kenyatta cha Nairobi, alafu Kigali, mwisho Cape Town na Durban kwa pamoja. Dar nitaipitia tu.

AICC, tulichonacho mkononi

Majengo yale yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata serikali ikaanzisha shirika la kuyaendesha kama kituo cha mikutano. Ndo maana ukiyaangalia sehemu kubwa ni ofisi, yale maghorofa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na ukumbi mkubwa wa Simba unaingiza watu kama 1,350. Ongeza nyumba za kupangisha huko mtaani na hospitali yao. Yani AICC ni mwenye nyumba kwanza, mikutano inafuata.

Watu wanalisema hilo kama tusi, mimi naona ndo siri iliyokiweka hai kituo miaka yote hii. Kodi ya ofisi inaingia hata mwezi ambao hamna mkutano hata mmoja. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale kuanzia katikati ya miaka ya 90 mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, karibu miaka 20 ya mpangaji mkubwa, mlipaji wa uhakika, na aliyeleta wageni, mawakili, wakalimani na waandishi wa habari wa kulala mahotelini. Na mji ukapata jina, maana mkataba wa amani wa Burundi nao ulisainiwa Arusha Agosti 2000, Mandela akiwa msuluhishi.

Shida ya mpangaji mkubwa ni siku akiondoka. Jumuiya mpya ilihamia jengo lake 2012, mahakama ikafunga 2015, na chombo kilichorithi kazi zake kikajengewa sehemu yake Lakilaki nje ya mji. Kwahiyo ndani ya miaka michache tu wapangaji wawili vigogo wakatoka. Na hapo ndo unaona kwanini mpango wa kituo kipya, ule wa Mount Kilimanjaro, umekaa kwenye makaratasi miaka na miaka: shirika linalohangaika kujaza maghorofa yake litatoa wapi ubavu wa kukopa hela za kujenga jingine?

Tukumbuke pia shirika hilo hilo ndo linaendesha kituo cha Julius Nyerere pale Dar, kilichojengwa kwa msaada wa China, Xi Jinping alihutubia pale Machi 2013 kikiwa kipya kabisa. Ukumbi wake mkubwa unachukua watu kama elfu moja, ni mdogo kuliko Simba, lakini wakuu wa nchi wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, 2019 walienda kule na mkutano mkubwa wa nishati wa Januari 2025 nao ulienda kule. Ukubwa wa ukumbi haukuamua chochote. Dar ina ndege za moja kwa moja na vitanda vya hoteli kubwa dakika chache kutoka ukumbini, sisi mgeni anashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anasafiri kama kilomita 50, alafu ujumbe wake umetawanyika, huyu hoteli ya Gran Melia, yule ya Mount Meru, mwingine lodge huko Usa River, na kila asubuhi barabara inafungwa kupisha misafara na mjini hamna anayefika kazini kwa wakati.

KICC, dada mkubwa mwenye mambo mengi

Kilifunguliwa 1973, mwaka huo huo kikapokea mkutano wa mwaka wa IMF na Benki ya Dunia. Aliyekichora ni Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, mnara wa ghorofa 28, na mpaka leo watu wanalipa kupanda juu kuangalia jiji. Hilo la kupanda juu msilidharau, ni hela inayoingia bila kuhitaji mkutano, bila kupika chai, bila kumtafuta mkalimani. Kama kuna kitu Arusha tungeiga kesho asubuhi kwa bei ya lifti nzuri na meza ya tiketi ni hicho, mlima Meru ule pale siku ikiwa haina mawingu.

Ila KICC pia ni somo la nani anashika funguo. Kwa miaka mingi jengo lilikuwa mikononi mwa chama, KANU kilichokuwa kinatawala, mpaka serikali ya Kibaki ilipolichukua 2003. (Dodoma ukumbi mkubwa wa Jakaya Kikwete ni wa CCM, nasema tu.) Kura za urais za 2007 zilijumlishwa pale KICC na mnajua ghasia zilizotokea. Tangu 2013 kazi hiyo ikahamia Bomas, kituo cha utamaduni cha serikali hapo hapo Nairobi. Mikutano mikubwa ikaendelea, shirika la biashara duniani WTO Desemba 2015, mkutano wa tabianchi wa Afrika Septemba 2023, alafu miezi miwili tu baada ya huo wa tabianchi serikali ikaliweka jengo kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa! Kesi ikaenda mahakamani, na 2024 Mahakama Kuu ikauzima mpango huo wa kuuza, jengo ni kumbukumbu ya taifa haliuzwi hivi hivi.

Sasa ukiwa na jengo ambalo ni kumbukumbu ya taifa, limebanwa katikati ya jiji, Bunge pale, mahakama pale, barabara zimejaa, utalipanulia wapi? Huwezi kubomoa, huwezi kuongeza bawa kiholela. Kwahiyo Wakenya wameenda kujenga kipya kule Bomas, Lang'ata, msingi uliwekwa 2025. Bomas penyewe ni mahali pa ngoma na utamaduni tangu miaka ya 70, kwahiyo burudani na mikutano vitakaa kiwanja kimoja, wazo zuri. Kelele za tenda na gharama hazijaisha lakini, na swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri ni KICC itakula nini Bomas ikishachukua mikutano mikubwa. Hoteli za Nairobi nazo zina kumbi zao. Kukiwa na vituo viwili vya serikali jiji moja, ama unavipa kazi tofauti ama vinanyang'anyana mteja yule yule kwa kushusha bei, na anayefidia pengo ni mlipa kodi.

Kigali, ile ambayo kila mtu anaitamani

Tukubali, jamaa wamefanya kazi. Lakini angalia vizuri wamefanya kazi gani, maana wengi wanaona kuba tu.

Moja, hela. Kituo kiligharimu kama dola milioni 300. Mwaka 2013 Rwanda ilikopa dola milioni 400 kwenye soko la kimataifa kwa hatifungani ya miaka 10, na sehemu yake ilienda kumalizia kituo hicho, nyingine shirika lao la ndege RwandAir na bwawa la umeme. Ujenzi ulichelewa sana, wakabadilisha mkandarasi, walioanza walikuwa Wachina na waliomaliza ni Waturuki wa Summa, kikafunguliwa 2016 kikiwahi mkutano wa wakuu wa nchi wa AU wa mwezi wa saba. Kwahiyo hata hao tunaowaita wepesi walihenyeka.

Mbili, hoteli. Radisson Blu ya vyumba 292 ipo pale pale, na Radisson ndo waendeshaji. Mgeni anatoka kitandani anatembea mpaka ukumbini. Mpishi wa hoteli ndo mpishi wa mkutano. Mikutano ikikatika, hoteli inaendelea kuuza vyumba. Kwahiyo wao nao wana kitu cha kula siku tupu kama AICC ilivyo na kodi za ofisi, tofauti ni kwamba hoteli inamvutia mtu wa mkutano na ofisi haimvutii.

Tatu, na hii kwangu ndo kubwa kuliko kuba, walianzisha Rwanda Convention Bureau 2014, miaka miwili kabla ya kituo kufunguliwa. Watu kazi yao ni kusaka mikutano tu, kuandika maombi, kufuata vyama vya madaktari na wahandisi duniani na kuwashawishi zamu ijayo waje Kigali. Mkutano wa chama cha kimataifa unaamuliwa miaka miwili, mitatu, hata minne kabla. Ukijenga kwanza alafu ndo uanze kutafuta wateja, umejihakikishia miaka kadhaa ya ukumbi mtupu. Ongeza shirika la ndege, ongeza viza ya kupewa uwanja wa ndege kwa watu wa nchi zote kuanzia 2018, ongeza uwanja wenyewe upo kama kilomita 5 tu. Oktoba 2016 wakapata mkutano wa mkataba wa Montreal, ule wa kulinda tabaka la ozoni, Machi 2018 soko huru la Afrika likasainiwa pale, Juni 2022 Jumuiya ya Madola. Kwenye orodha ya 2019 ya ICCA, chama cha kimataifa cha sekta ya mikutano, walikuwa wa pili Afrika, nyuma ya Cape Town.

Na nne, muziki wameupeleka kwingine. BK Arena ilifunguliwa 2019, viti kama 10,000, mpira wa kikapu wa BAL, ligi ya Afrika, Kendrick Lamar Desemba 2023. 2022 jina likauzwa kwa Bank of Kigali, na waendeshaji wake ni kampuni nyingine kabisa ya kuendesha viwanja. Hapo hata mkutano mkuu wa FIFA wa 2023 uliingia. Mtu wa burudani ana nyumba yake, mtu wa mkutano ana yake, na benki inalipia bango.

Hapa niseme kama fundi, kwanini hilo la kutenganisha siyo anasa. Kuna ukumbi mmoja, jina kapuni, tulipewa kazi ya shoo ya usiku baada ya mkutano wa mchana. Mlango wa mizigo hamna, yani kila kitu kinapita mlango mkuu, ngazi za marumaru, katikati ya wajumbe wanaokunywa chai. Subwoofer moja, ile spika kubwa ya besi, vijana wanne. Lifti ya mizigo ipo lakini chuma za jukwaa zimezidi urefu wake, kwahiyo zote zikapanda kwa mabega. Kufika ndani sakafu ina mteremko na viti vimefungwa chini, unataka watu wacheze, wachezee wapi, kwenye viti? Umeme ndo usiseme, jenereta moja inabeba AC na jukwaa, tukiwasha taa zote AC zinazima, tukiacha AC msanii anaimba gizani. Kazi ambayo ukumbi wenye mlango wa lori tunaimaliza mchana mmoja, pale ilikula usiku kucha, na gharama ya usiku kucha promota anaiweka kwenye tiketi, alafu watu wanasema shoo za Arusha ghali.

Cape Town na Durban, waliopanua badala ya kuhamia

Hawa hawatajwi sana kwenye mabishano yetu, nadhani kwa sababu siyo majirani, ila ndo wapo karibu zaidi na hali yetu: kituo kipo, kimejaa au kimepitwa, unafanyaje.

Cape Town walifungua 2003, hoteli kubwa imeshikana na kituo, na jiji lenyewe ndo mwenye hisa nyingi kwenye kampuni, mkoa una hisa, na kuna mwekezaji binafsi mwenye kipande kidogo. Wakakaa miaka zaidi ya 10 wakijaza, ndo wakavuka barabara wakajenga kituo cha pili kikaanza kazi mwanzoni mwa 2018, kikaunganishwa na cha zamani kwa daraja la juu. Walichoongeza sana ni sakafu tambarare ya maonyesho, kama mita za mraba 10,000, siyo ukumbi mwingine wa hotuba. Jazz festival yao kubwa ilikuwa inafanyika humo humo kituoni mwaka hadi mwaka, na 2020 wakati wa korona sakafu hizo zikageuzwa hospitali ya vitanda 862. Jaribu kuweka kitanda cha mgonjwa kwenye ukumbi wa viti vya kufungwa.

Durban ni kampuni ya jiji pia. Mandela alikifungua 1997, kumbi zake kuu kuta zinasogea, unaweza kuwa na kumbi tatu au ukafungua zikawa moja. 2007 wakaongeza arena ubavuni, ndani ya eneo lile lile, na 2011 wakapokea COP17, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa. Yani kila mara wanaongeza kile ambacho hawana.

Zikiwekwa sambamba

Kwa gharama ya kuanza, Kigali ndo ghali kupita wote na inahitaji nchi nzima iwe nyuma yako, ndege, viza, mkopo wa dola. Usijaribu kama manispaa. Kupanua ni nafuu na unaweza kusimama katikati hela ikiisha, kujenga kuba huwezi kusimama nusu. Ila kupanua kunahitaji kiwanja cha pembeni, na kama jengo ni urithi wa taifa kama KICC mlango huo umefungwa.

Siku tupu, AICC wapo vizuri kuliko wanavyosifiwa, Kigali wapo vizuri zaidi mradi watalii wanakuja, KICC wapo katikati, na Bomas tutaona.

Burudani, Kigali wa kwanza, Durban wa pili. AICC na KICC kusema ukweli ni sehemu za hotuba, ukipeleka shoo unaipeleka nje kwenye viwanja.

Uendeshaji, sipendi shirika la umma liendeshe peke yake kwa sababu moja ndogo ya kila siku: wateja wake wakubwa ni wizara na taasisi za serikali, wizara ikikodi ukumbi malipo yanakuja bajeti ikitoka, na mkurugenzi aliyeteuliwa na serikali hawezi kumfungia mlango waziri. Wala sipendi kukabidhi kila kitu kwa kampuni ya hoteli, maana hoteli itachagua wateja wenye dola na kongamano la walimu wa Meru litaambiwa tarehe zimejaa. Kampuni yenye hisa za jiji, na mwendeshaji mwenye mkataba unaopimwa kwa siku zilizojaa, hiyo ndo ya Cape Town zaidi na ndo ningechukua.

Sasa wewe upo wapi

Kama ni Arusha, ningesema hivi. Usianze na kituo kipya cha mabilioni. Anza na ofisi ya kusaka mikutano yenye watu na bajeti, ipewe miaka miwili iwinde. Wakati huo kwenye eneo la AICC au jirani yake jengeni jengo moja la sakafu tambarare, kuta za kusogea, mlango wa lori unaoingia mpaka ndani na jenereta yake yenyewe. Harusi, maonyesho ya utalii, gala, vyote vinaingia humo. Simba Hall ibaki ya hotuba na wakalimani, hiyo kazi inaiweza. Muziki mkubwa na michezo viende upande wa uwanja wa AFCON, tayari kuna viti 30,000 vinajengwa kule Olmoti na baada ya 2027 vitahitaji kazi ya kufanya. Hoteli ya kushikana na kituo iachieni sekta binafsi, wapeni kiwanja kwa masharti, msiijenge nyinyi.

Dodoma, mikutano ya serikali haikauki, kwahiyo siku tupu siyo tatizo lenu kubwa, tatizo ni nani mwenye ukumbi. Jiji likiwa na wake liweke bei moja kwa wote, chama chochote, dhehebu lolote.

Mombasa mimi naona kaunti isijenge ukumbi wa mikutano kabisa, hoteli za ufukweni kuanzia Nyali mpaka Shanzu zina kumbi na vitanda tayari, utashindana na walipa kodi wako mwenyewe. Jengeni sehemu ya muziki na maonyesho yenye paa na paking, hicho hoteli hawana.

Mwanza, kwa sasa anza na hilo jengo la sakafu tambarare tu, na hata hilo, kabla ya kumwita mchoraji, mwiteni kwanza dereva wa lori la mitambo mmuulize atageuzia wapi.